Tokyo, Kumfuata Yamashita

Kwa muda mrefu mwanajudo Yamashita Yasuhiro alikuwa kwangu namba tu: 203. Ndivyo tulivyofundishwa katika dojo yetu ya judo Unguja. Kuanzia mwaka 1977 hadi alipostaafu mwaka 1985, mtu huyu alipata ushindi 203 bila kupigwa hata mara moja. Zipo sare saba hapo katikati, lakini kushindwa hapana. Mtoto akilalamika kuwa amechoka, au kuwa mwenzake ni mzito mno, alitajiwa namba hiyo akanyamaza. Nilipoanza kusaidia kufundisha wadogo, nami niliitumia hivyo hivyo.

Aliyetupa namba hiyo ni Mjapani aliyewahi kuishi kwetu akijitolea kufundisha judo. Tulimwita Sensei, na mtaa mzima ukamwita hivyo, hata muuza urojo. Aliporudi kwao hakutusahau. Mapema mwaka 2019 akaniandikia kwa Kiswahili chake cha Unguja, chenye ‘ati’ na ‘yakhe’ ndani yake, kwamba nikiweza kupata nauli basi nije Tokyo nitazame mashindano ya taifa ya judo ya tarehe 29 Aprili, yale yale ambayo Yamashita aliyachukua miaka tisa mfululizo. Sikuwahi kutoka Afrika. Nauli niliipata kwa njia ambazo mke wangu bado anazikumbusha.

Ya ndege nitayapita haraka, maana kila aliyesafiri anayajua: Doha usiku, shingo kukakamaa, chai isiyo na tangawizi. Narita nilipokelewa na baridi ambayo wenyeji waliniambia kwamba si baridi, bali ni majira ya kuchipua. Sensei alikuwa amesimama mlangoni na koti la ziada mkononi. Akainama kidogo kwa kawaida ya kwao, kisha akanikumbatia kwa kawaida ya kwetu, na kabla sijasema lolote akauliza kama mvua za masika zimeanza.

Mji ulikuwa katika hekaheka isiyo ya kila mwaka. Mfalme Akihito alikuwa anang'atuka tarehe 30 Aprili, na kesho yake zama za Heisei zingekwisha na za Reiwa zianze. Serikali ilikuwa imeunganisha sikukuu zikawa siku kumi mfululizo. Madukani kila kitu kilikuwa cha mwisho cha Heisei: keki ya mwisho, punguzo la mwisho, hata soksi. Mimi nilifika kumtafuta bingwa wa zama za Showa, zilizokwisha tangu 1989, kwa hiyo nilikuwa nyuma kwa zama mbili.

Ijumaa ya tarehe 26, kwetu sikukuu ya Muungano, tulikwenda Kodokan, makao makuu ya judo. Nililala nyumba ya wageni karibu na Suidobashi, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu. Sijui nilitarajia nini. Labda hekalu, paa lililopinda, ukimya. Kodokan ni ghorofa la kawaida la zege lililofunguliwa mwaka 1984, kando ya barabara yenye magari mengi, na usingekuwa na habari ungeweza kulidhani ofisi ya bima. Mbele yake imesimama sanamu ya Kano Jigoro, mwalimu aliyeianzisha judo mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji, akiwa na mikeka 12 na wanafunzi tisa. Alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Ukumbi mkuu wa leo, ghorofa ya saba, una mikeka 420.

Mtu yeyote anaruhusiwa kupanda ghorofa ya nane akatazama mazoezi kutoka juu, bila kulipa. Tulikaa pale kwanza. Chini walikuwamo wazee wa mvi, wanafunzi wa chuo wenye shingo nene, wageni kutoka nchi mbalimbali, na msichana mmoja mdogo aliyekuwa anamfuata kila mtu mzima na kumwomba pambano la mazoezi. Hakuna aliyemkatalia. Mlio wa mikono ikipiga mikeka wakati wa kuanguka ulikuwa ule ule wa Unguja, ila huku ulikuwa haupumziki.

Sensei alikuwa amenilipia ada ya siku, kwa hiyo nikavaa gi yangu, vazi la judo, nikashuka. Ile gi ina jina la mtu kifuani, limedariziwa kwa herufi za Kijapani. Ilitufikia Unguja katika mzigo wa mavazi yaliyotumika, na siku zote nilimwazia mwenyewe kama jitu fulani la chuo kikuu. Sensei alilisoma palepale kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akacheka: ni jina la ukoo ambalo mtaani kwao peke yake lina nyumba kumi.

Aliyenipokea mkekani ni mzee ambaye kwa makadirio yangu alishapita miaka 70. Aliniangusha mara moja tu, bila haraka, kisha akanilalia kwa ubavu: mkono mmoja chini ya shingo yangu ukashika ukosi, mwingine ukapita kati ya mapaja ukashika mkanda, kifua chake juu ya changu. Mbinu hiyo inaitwa yoko-shiho-gatame, na kwa macho haina ajabu yoyote. Mtazamaji asiyejua atadhani watu wawili wamelala. Ukiwa chini yake ndipo unaelewa. Kila nilipovuta pumzi ya kujitutumua, uzito wake ulihama na kukaa pale pale nilipotaka kutokea. Sikupata maumivu. Nilikosa pa kwenda tu. Siku hizi ukibanwa hivyo sekunde 20 umekwisha. Mwaka 1984 zilikuwa 30. Mzee alinihesabia kwa sauti, na alipofika mwisho akanipigapiga begani, akamwambia Sensei kwamba kwa mbinu hii Yamashita alimshinda Mwafrika. Sensei alitafsiri huku ameona haya kidogo. Mimi nilifurahi, maana ndiyo habari niliyoifuata.

Jioni ile nyumbani kwa wazazi wa Sensei, baba yake alinisimulia yote ya siku Yamashita alipomshinda Mwafrika huyo. Nilimwamkia ‘Shikamoo, Mzee’, na Sensei akamweleza jibu lake, basi kila nilipomwamkia tangu hapo alijibu ‘Marahaba’ kwa sauti ya mtu anayetoa amri jeshini.

Kisa chenyewe, alisema Mzee, kinaanza Moscow. Yamashita alizaliwa mwaka 1957 Kumamoto, kisiwa cha Kyushu, mtoto mnene na mtukutu, na akatiwa kwenye judo akiwa shule ya msingi ili nguvu zake zipate kazi halali. Akiwa na miaka 19 akawa bingwa wa taifa, mdogo kuliko wote waliotangulia. Mwaka 1979 akawa bingwa wa dunia. Olimpiki ya 1980 ilikuwa yake, kila mtu alijua. Kisha Japani ikafuata Marekani kuisusia Moscow kwa ajili ya vita vya Afghanistan. Wanamichezo waliitwa kwenye mkutano, na Yamashita akasimama mbele ya kamera akaomba waruhusiwe kwenda, machozi yakimtoka. Kwa Mzee, kumwona mtu wa mwili ule akilia katika televisheni lilikuwa jambo asilojua alitazame vipi. Kura ya kususia ilipita mwezi Mei. Siku chache hazikupita, katika mashindano ya ndani, mpinzani wake Endo Sumio akamrukia kwa miguu yote miwili kama mkasi, mbinu ambayo siku hizi ni marufuku, na mfupa wa mguu wa kushoto ukavunjika. Pambano likaandikwa sare, ndiyo maana mfululizo wake haukukatika. Yamashita alikwenda Moscow kiangazi kile, akakaa jukwaani, akatazama wengine wakivishwa medali.

Akasubiri miaka minne. Hapo Mzee aliinuka kutoka mkekani, akasogeza meza ndogo ya chakula, akatuonyesha kwa mwili wake mwenyewe.

Los Angeles, Agosti 1984, uzito wa wazi. Katika pambano dhidi ya Mjerumani Arthur Schnabel, Yamashita anasukuma kwa mguu wa kulia na msuli wa kigimbi unachanika. Anashinda, lakini anatoka akichechemea, na ukumbi mzima umeona. Nusu fainali anakutana na Mfaransa Laurent Del Colombo, ambaye hapotezi muda: ngwala ya nje, Yamashita chini, alama ndogo kwa Mfaransa. Ilikuwa mara adimu mno kwa ulimwengu kumwona akiangushwa. Akainuka, akamrudishia ngwala ile ile, kisha akamlalia. Fainali ni Mohamed Ali Rashwan, Mmisri wa Alexandria, mwenye kimo kumzidi na miguu yote miwili mizima. Haikufika hata dakika moja na nusu. Rashwan alishambulia, akapoteza mizani, wakashuka pamoja, na Yamashita akamshika kwa ubavu hadi mwisho. Wakati wa kupanda jukwaa la washindi, Rashwan alimpa mkono bingwa asiyeweza kupanda peke yake.

Hapa kuna jambo ambalo wanajudo hubishana hadi leo. Inasimuliwa kila mahali kwamba Rashwan alikataa kuushambulia mguu mbovu, na mwenyewe amesema kwamba misingi yake isingemruhusu kushinda kwa njia hiyo. Kamati ya kimataifa ya uungwana michezoni ilimpa tuzo, na baadaye Japani ikampa nishani ya Jua Linalochomoza. Lakini wapo wanaoirudia video polepole na kusema: hebu tazama shambulio lake, liko upande gani? Nilimuuliza Mzee anaamini lipi. Alijibu kwamba kushambulia mguu ulioumia kwa mbinu halali si kosa, na Yamashita mwenyewe asingetaka kuhurumiwa; lililo kubwa ni kwamba Rashwan hakufanya lolote la kumwumiza. Nami naona hivyo. Kisa kilichosafishwa mno kinamgeuza Rashwan kuwa mtu aliyeachia fainali, na mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki, aliyepata tena fedha katika ubingwa wa dunia, anastahili heshima zaidi ya hiyo. Mzee alimaliza kwa kusema kwamba Rashwan alioa Mjapani, kwa hiyo ni mkwe wao. Kisha akaniuliza kama Alexandria ni karibu na Unguja. Nikamwambia ni mbali sana. Hakuamini, akaenda kuleta ramani.

Jumamosi tulipanda treni kwenda Yokohama, kwa sababu nilitaka kuiona meli. Hikawa Maru imetia nanga pale kwa kudumu, sasa ni makumbusho, na unaweza kupita katika vyumba vya abiria wa daraja la kwanza na kushuka hadi kwenye injini. Ndani ya meli hiyo Kano Jigoro alifariki tarehe 4 Mei 1938, kwa nimonia, siku mbili kabla ya kufika nyumbani. Alikuwa anatoka kwenye mkutano wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki uliofanyika Cairo, alikokwenda kuitetea Tokyo iandae michezo ya 1940. Alikuwa Mwasia wa kwanza kuingia katika kamati hiyo, mwaka 1909. Michezo ya 1940 haikufanyika, vita viliimeza.

Sensei na mimi tulikaa sitahani, na hapo ndipo nilipomuuliza swali lililonileta: baada ya ile namba, Yamashita alifanya nini?

Alifikiri kidogo. ‘Kaka,’ akasema, ‘mkekani hakuna aliyemweza. Huko kwingine alipigwa sana.’

Akaanza kunihesabia. Kuanzia 1992 hadi 2000 Yamashita alikuwa kocha mkuu wa timu ya taifa ya wanaume. Kuanzia 2003 hadi 2007 alikuwa mkurugenzi wa elimu katika Shirikisho la Kimataifa la Judo. Mwaka 2006 alianzisha shirika la kueneza judo kama elimu: kupeleka gi zilizotumika nchi za mbali, kualika makocha vijana Japani, kujenga dojo ya urafiki Qingdao na nyingine Nanjing. Nanjing, ukikumbuka yaliyotendwa pale na jeshi la Japani mwaka 1937, si mahali Mjapani anapokwenda kutafuta makofi. Hiyo ndiyo kazi yake niliyoipenda kuliko zote, na Unguja sikuwahi kuisikia ikitajwa.

Halafu yapo magumu. Mtafiti mmoja wa Kijapani alikusanya takwimu za shule zikaonyesha kwamba zaidi ya watoto 100 walikufa katika judo ya shuleni ndani ya miongo mitatu, wengi kwa kuumia kichwa. Mwaka 2013 ikafichuka kwamba wanajudo 15 wa kike wa timu ya taifa walikuwa wamepeleka malalamiko ya kupigwa na kutukanwa na makocha wao. Uongozi wa shirikisho la judo la Japani ukaondoka, na Yamashita akaingia kama makamu wa rais, akakabidhiwa kazi ya kung'oa ukatili. Mwaka 2017 akawa rais. Nilimuuliza Sensei kama amefaulu. Akasema watoto hawafi kama zamani, na makocha wanaogopa kupiga. Kuogopa si sawa na kuacha, lakini ni kitu. Kisha akaongeza jambo ambalo kwa Mjapani si jepesi kumwambia mgeni: kwamba wazazi waliozika watoto walianza kupiga kelele miaka mingi kabla mabingwa hawajasikia, na Yamashita alikuwa mmoja wa mabingwa hao.

Tangu siku ile mengi yametokea, na yote yamefuata mkondo huo huo. Miezi miwili baadaye Yamashita alichaguliwa rais wa Kamati ya Olimpiki ya Japani, na mara akalaumiwa kwa kufungia waandishi wa habari nje ya vikao vya bodi. Olimpiki ya Tokyo ilipoahirishwa na kisha kufanyika bila watazamaji, wengi walisema sauti yake haikusikika ilipohitajika. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, yeye aliyekuwa amefahamiana na Putin kwa miaka mingi kupitia judo alitoa tamko kwamba uvamizi ule ni kinyume cha roho na lengo la judo. Oktoba 2023 alianguka akaumia vibaya shingoni, na mwaka 2025 muda wake ukaisha, kiti akakichukua Hashimoto Seiko. Kwa hesabu ya ushindi na kushindwa, miaka hii haifanani hata kidogo na ile ya 203. Mimi nasema ndiyo iliyomgharimu zaidi, na huko Unguja siku hizi nikimtaja kwa watoto naanzia hapo, ingawa nakiri kwamba wanapenda namba kuliko Nanjing.

Jumatatu, siku ya mashindano, ikawa Budokan. Unashuka kituo cha Kudanshita, unapita lango la zamani juu ya handaki la maji la ngome ya mfalme, na mbele yako kunatokea jengo la pembe nane lenye dude la dhahabu kileleni ambalo wenyeji hawaoni haya kuliita kitunguu. Lilijengwa kwa ajili ya judo ya Olimpiki ya 1964, na humo humo Mholanzi Anton Geesink alimbana Kaminaga Akio chini katika fainali ya uzito wa wazi, Japani nzima ikitazama. Mzee alikuwa kijana wakati huo. Alisema hawezi kuingia ndani ya jengo hilo bila kwanza kuangalia pale mahali.

Mashindano ya taifa hayana madaraja ya uzito. Mtu wa kilo 80 na ushei anaweza kupangiwa mwenye kilo 140, na ukumbi hupiga kelele kwa mdogo hata kama ni hakika kwamba atapigwa. Uzuri wake ni huo, na hasara yake ni kwamba mapambano mengine ni watu wawili wakubwa wanaosukumana hadi wanachosha watazamaji. Sitadanganya, nilisinzia kidogo baada ya chakula cha mchana. Nilitumia darubini ya Mzee kumtafuta Yamashita upande wa viongozi. Niliona wazee wengi wa suti nyeusi na shingo fupi, na yeyote kati yao angeweza kuwa yeye.

Mwaka ule ubingwa ulichukuliwa na Wolf Aaron, kijana wa Tokyo mwenye baba Mmarekani, mwanafunzi wa zamani wa Chuo Kikuu cha Tokai alikosoma Yamashita. Uzito wake halisi ulikuwa chini ya kilo 100, na miaka miwili baadaye angechukua dhahabu ya Olimpiki katika uzito huo humo humo Budokan. Mzee alipiga makofi kwa muda mrefu, akasema kijana ana pumzi nzuri, kisha akatangaza kwamba Yamashita angemmaliza kwa dakika mbili.

‘Tatu,’ akasema Sensei.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kutoka Yamashita mchezaji walihamia Yamashita kocha, na kutoka hapo huwezi kuikwepa Sydney. Fainali ya uzito wa juu mwaka 2000: Mfaransa David Douillet anamvamia Shinohara Shinichi, Shinohara anapinduka na kumgeuzia mbinu yake, wote wanaanguka, na alama inakwenda kwa Douillet. Yamashita akiwa kocha aliingia kulalamika, lakini marefa walikuwa wameshatoka mkekani, na kwa sheria mkekani ndipo hukumu hubadilika. Shinohara alisema tu kwamba alishindwa kwa sababu alikuwa dhaifu. Tulikuwa tumeingia treni tayari, na Mzee alikuwa anasema kwamba kocha wa kweli angeruka mkekani palepale pambano likiendelea, akafukuzwa ikibidi. Sensei akasema kocha anayeruka mkekani hana haki ya kuwafundisha watoto heshima. Mzee akauliza heshima gani isiyojua kutetea haki. Walipogundua kwamba wamesahau kunitafsiria, waligeuka wote wawili na kunitaka nitoe uamuzi, mmoja kwa Kijapani na mwingine kwa Kiswahili. Kituo kilichofuata kilikuwa Jimbocho, nami nilipaswa kubadilisha treni hapo. Nikasema nipo na Mzee, nikamwambia Sensei anisamehe, nikashuka. Kupitia dirishani niliona wameanza upya.